Laptop ya stesheneri ililetwa kutolewa vumbi, kumbe uchafu wenyewe uko kwenye diski ya D

Hii kesi niliipata kibandani kwangu hapa Mwanjelwa mwezi wa nane, ule msimu ambao Mbeya upepo unapiga vumbi mpaka chai unainywa na mchanga, na naiandika ndefu makusudi maana kila wiki kuna mtu ananiuliza fundi nataka kuuza laptop nifanyeje ipate bei, na mi nilikuwa najibu kifupi tu, toa vumbi, piga riseti (yani ifute irudi kama mpya), basi. Baada ya hii sijibu tena hivo.

Mwenye mashine ni dada mmoja ana stesheneri pande za Iyunga, wateja wake wengi wanachuo na watu wanaotafuta ajira, jina lake libaki kwangu. Kaja na HP EliteBook 840 G3 kaiviringisha kwenye kanga. "Kaka angu, kuna mtu kaniambia laki mbili, naona ananionea. We nitolee vumbi tu ipendeze, mambo ya ndani mdogo wangu kashapiga riseti."

Mashine ya aina ile ikiwa safi, mtu kwa mtu sio bei ya dukani, nilikuwa naona zinaenda laki tatu na nusu hivi. Kwaiyo kama laki na nusu nzima ilikuwa imelala kwenye uchafu. Nikaiwasha, nikaelewa yule mnunuzi alichokiona. Feni inalia kama bajaji yenye abiria wanne inapanda Mlima Nyoka, herufi A na E zinanata, kitufe cha nafasi kikibonyezwa hakirudi, kioo kina alama za vidole vya watoto, afu ukiinusa inanuka moshi wa makaa. Hapo nikauliza, dada hii ilikuwa inakaa wapi? Akacheka. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikizidi huwa anaingiza jiko la makaa ndani ya stesheneri, analiweka chini ya meza, na laptop iko juu ya meza.

Nielezee kidogo hapo maana wengi huku kwetu ndo tunaua mashine hivo na hatujui. Vumbi kavu peke yake sio adui mkubwa, ukilipuliza linatoka. Ila moshi wa makaa na mafuta ya chipsi za jirani vikichanganyika na vumbi vinatengeneza kitu kama gundi, na feni inavuta hewa kutokea chini, kwaiyo inavuta vyote hivo na kuvipeleka kwenye yale mapezi ya shaba ya kupoozea. Nilipofungua kifuniko cha chini nikakuta kati ya feni na mapezi kuna kitu kama kipande cha blanketi, unakinyanyua kizima kizima kwa kibano. Hewa ilikuwa haipiti. Ndo maana programu ya kupima joto ilikuwa inasoma nyuzi 90 na kitu wakati kimefunguliwa kivinjari tu.

Kabla ya kugusa chochote nikachomoa betri, na hapa sizungumzii chaja, nazungumzia ile plagi ndogo ya betri kwenye bodi. Mtu anazima laptop anadhani hamna umeme, umeme upo. Afu blowa. Ukipuliza, ishike feni isizunguke, mi natumia kijiti cha meno, maana ikizungushwa na upepo mkali inakimbia kuliko ilivyotengenezwa, bearingi zinaumia na yenyewe inageuka kuwa jenereta ndogo inarudisha umeme kwenye bodi. Kuna watu wanapeleka laptop kwa fundi pancha ikapulizwe na kompresa ya matairi, jamani, ule mtungi una maji ndani na mafuta, unaipulizia mashine ukungu. Nishapokea moja imefanyiwa hivo, sikuitengeneza, nilitoa pole tu.

Ile gundi ya moshi haikutoka kwa blowa, ikabidi mswaki laini na spiriti. Hii ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi ndani, mi kwenye bodi natumia isopropili ya 99 wanayouza maduka ya vifaa vya mafundi simu, inakauka haraka. Pesti ya prosesa, ile krimu ya kupitisha joto, ilikuwa imekauka kama udongo wa ukutani, nikaikwangua kwa kadi ya plastiki, nikaisafisha, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Baada ya hapo joto likashuka mpaka 60 na kitu kwa kazi ileile, na feni ikanyamaza, hata dada mwenyewe aliinamisha sikio akauliza imezimika?

Kibodi nilitoa vitufe vinavyonata kimoja kimoja, chini kulikuwa na soda iliyokauka na sisimizi watatu wakavu. Mwilini kitambaa chenye spiriti kidogo. Kioo hapana, kioo usipake spiriti, kina utando juu na unaweza kuuharibu ukabaki na mabaka, kitambaa cha miwani kilicholowanishwa maji kidogo kinatosha, na maji unaweka kwenye kitambaa sio kwenye kioo. Stika ya namba ya simu ya stesheneri nyuma ya kioo niliilowesha mafuta ya kula nusu saa ikatoka yenyewe. Dawa ya meno ambayo watu wanashauriana inakwangua, utapata laptop inayonukia mnanaa yenye michubuko.

Yote hayo ni siku moja ya kazi, nilimchaji elfu 25 na pesti ikiwemo. Ingeishia hapo hii habari ingekuwa fupi.

Sasa wakati nataka kumpigia aje kuchukua, nikasema ngoja niangalie afya ya diski maana mnunuzi mjanja lazima ataangalia. Programu ikanionyesha diski mbili. Moja ni SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, ya GB 128 ambayo ndo ina Windows (inaonekana kama C), nyingine ni hadi diski (hard disk) ya kawaida inayozunguka, ya GB 500 (inaonekana kama D), hizi 840 G3 zina nafasi ya zote mbili. Nikafungua kompyuta, C ni nyeupee kabisa, ya mdogo mtu na riseti yake. D ni nyekundu, imejaa karibu pomoni. Folda ya kwanza imeandikwa WATEJA, ya pili SCAN 2021, ya tatu MKOPO.

Sikuingia. Nisijipe sifa, kuna kipindi ningeingia, ila nilimpigia aje tufungue wote. Alipokuja akasema haiwezekani, mdogo wangu alifuta kila kitu, nilimuona kwa macho yangu. Kweli alifuta, ila ukipiga "Reset this PC" ukachagua kuondoa vyote, kwenye mashine yenye diski zaidi ya moja inakupa uchaguzi, ufute ile diski yenye Windows tu au zote. Kijana alipita na ile ya kwanza. Na hata hiyo aliyofuta, kuna sehemu ya mipangilio ya ziada ya kuwasha usafishaji wa data, hakuigusa, kwaiyo ni kufuta kwa haraka. Simlaumu, sehemu yenyewe imejificha na watu wote tunabonyeza endelea, endelea, endelea.

Tukafungua. Miaka karibu minne ya stesheneri. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya form four na form six, vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma, barua za serikali za mitaa zenye muhuri, picha za pasipoti saizi, na fomu za maombi ya mkopo wa chuo zenye saini za wadhamini na namba zao za simu. Kila aliyekuja kuskani jero jero, nakala yake ikabaki. Hakuna aliyekusudia, ndo skana inavyofanya kazi, inaweka kwenye folda, mteja anatumiwa kwenye imeili au anawekewa kwenye flashi, anaondoka, faili linabaki. Dada akawa anashuka na mausi taratibu anataja watu, huyu alikuwa anaomba polisi, huyu mtoto wa jirani yetu, huyu marehemu.

Mi nikamwambia hebu fikiria, yule wa laki mbili angeichukua ilivyo. Tuseme ni mtu mwema kabisa, hana neno. Laptop yuzdi haikai na mtu mmoja, itauzwa tena Tunduma, itauzwa tena Makambako, na mtu mmoja tu kwenye huo mnyororo akiwa na akili mbaya, ana kitambulisho pande zote, sura, saini na namba ya simu ya mtu, na siku hizi mikopo ya kwenye simu na hawa wakopeshaji wa kausha damu tunawajua wanavyopigia watu simu.

Akasema basi si tufute. Akashika folda ya WATEJA, akabonyeza delete, akamwaga na kapu la takataka, akanitazama kama mtu aliyemaliza kufua.

Hapa ndo niliamua nimuonyeshe badala ya kumhubiria. Kwanza tukatoa vya kwake, kadi za harusi, kadi za michango, mabango, kazi zake za mikono ya miaka yote, kama GB 11, tukaweka kwenye flashi na tukazifungua kwenye mashine nyingine kuhakikisha zinafunguka. Hii hatua usiruke, kuna flashi zinauzwa barabarani zimeandikwa GB 512 kwa elfu kumi, ndani ni GB 8 imedanganywa, inapokea mafaili yako yote kwa upole na ukija kufungua hayapo. Baada ya hapo nikapiga D fomati ya haraka mbele yake. Sekunde tano. Diski tupu, GB 500 zote huru. Kisha nikawasha PhotoRec, ni programu ya bure tu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, mtoto yeyote wa chuo anaipakua, nikamwambia nenda kanywe chai.

Aliporudi, kwenye kioo kulikuwa na vyeti vinaendelea kurudi. Majina ya mafaili yamepotea yamekuwa namba namba, ila ukifungua, cheti hiki hapa, na muhuri wake. Alikaa kwenye kile kiti changu cha wateja akasema "Yesu wangu" afu akanyamaza muda mrefu.

Inavyokuwa ni hivi. Chukulia stoo ya mahindi. Ukibonyeza delete, au fomati ya haraka, umefuta mstari kwenye daftari la stoo kwamba gunia namba fulani lipo. Gunia lenyewe hujaligusa, limekaa palepale, mpaka siku litakapoletwa gunia lingine likahitaji ile nafasi. Mtu akiingia stoo bila kuangalia daftari, akatembea tu anapapasa magunia, anayakuta yote. Hizo programu za kurudisha mafaili ndo zinatembea zinapapasa.

Kwa hadi diski ya kawaida dawa yake ni rahisi, inachosha tu. Kwenye fomati toa ile tiki ya "Quick Format". Tangu Windows Vista, fomati isiyo ya haraka inaandika sifuri diski nzima, mwanzo mpaka mwisho, na mara moja inatosha, zile hadithi za kuandika mara saba au thelathini na tano ni za diski za zamani sana. Kwa GB 500 inakula kama saa moja na nusu mpaka mbili. Nikaiweka saa kumi jioni, saa kumi na moja umeme ukakatika, betri ikashika dakika 40 ikakata pumzi, kesho yake nikaanza moja. Ilipomaliza nikarudia PhotoRec, safari hii haikuokota hata picha moja.

SSD sio hivo, na hapa mafundi wenzangu wengi tunakosea. SSD inagawa kazi kwenye chipu zake yenyewe ili zisichoke upande mmoja, ukiiambia andika sifuri pale, inaweza kuandika kwingine na ile ya zamani ikabaki pembeni usikofika. Unachofanya unaiagiza ijisafishe yenyewe. Mashine za ofisi kama hii, ukiingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kwa HP ni F10 wakati inawaka, upande wa usalama kuna "Secure Erase", nikaipiga, haikuchukua muda, nikaweka Windows upya. Kama mashine yako haina hiyo, njia nyingine ni kuifungia diski kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayogeuza data kuwa mafumbo, kwanza afu ndo upige riseti, maana hata kitakachobaki kimebaki kwa mafumbo bila ufunguo. Na kama haukuwa na haraka ya hela, kwa maoni yangu ile diski ya GB 500 ungeitoa tu ukaweka kabatini, laptop ikauzwa na SSD peke yake. Nilimshauri, akapiga hesabu ya bei akakataa, sawa, ndo maana tukasota na hizo saa mbili.

Nikajua tumemaliza. Nikamuuliza kwa mazoea tu, na paswedi? Akasema za nani.

Za wateja, kumbe. Stesheneri za huku ukienda huna imeili wanakufungulia, wanakuombea ajira, wanakujazia mkopo, na kivinjari kila mara kinauliza nihifadhi paswedi, dada anabonyeza ndio ili kesho mteja akirudi kazi iende haraka. Kivinjari kilikuwa kimeunganishwa na Gmail yake yeye. Kwaiyo hizo paswedi hazikuwa kwenye laptop tu, ziko kwenye akaunti yake, na ziko kwenye simu yake, na siku atakayonunua laptop mpya akaingiza imeili yake zinashuka zote. Tukafungua kwenye simu, zaidi ya mia na hamsini. Portal ya ajira, ya mkopo, Gmail za watu, na zile Gmail alizowafungulia namba ya kurudishia akaunti ameweka namba yake, maana wakati ule mteja hakuwa na laini au alikuwa na ya mama yake.

Mi nikasema futa zote. Akanijibu kitu ambacho sikuwa nimekifikiria, "kaka, nikifuta hawa watoto watanililia, wao wenyewe hawazijui." Na ni kweli. Mwanafunzi yuko kijijini Busokelo, paswedi yake ya mkopo anayo dada wa stesheneri Iyunga, dirisha la rufaa likifunguliwa anampigia yeye. Kwaiyo kusafisha kungeweza kumuumiza yuleyule unayemlinda.

Jioni mbili alikaa anapiga simu moja moja. Wa karibu wakaja, anawaonyesha paswedi yao, wanabadilisha palepale kwenye simu zao, wanaweka namba yao ya kurudishia, yeye anafuta. Wa mbali anawaelekeza kwa simu, afu anafuta. Wengine namba haipatikani, wengine imeshahamia kwa mtu mwingine. Zikabaki thelathini na moja. Hapo hatukuelewana, mi nilisema hao wafutie tu, akaunti ina njia zake za kurudishwa, yeye akasema hapana, mtu aliniamini, na kila mmoja anamkumbuka kwa sura. Amebaki nazo mpaka leo, ila akaiwekea paswedi ngumu Gmail yake na uthibitisho wa hatua mbili, na kivinjari cha dukani sasa hakihifadhi kitu. Nadhani amekosea kidogo. Ila kwake nisingependa kuwa mtu wa kumlazimisha.

Kingine tulichofanya ni vidogo vidogo, kutoka kwenye simu tukaondoa WhatsApp ya kompyuta kwenye vifaa vilivyounganishwa, tukaitoa ile laptop kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yake ya Google, tukaondoa paswedi ya BIOS ambayo hata yeye alikuwa ameisahau kama ipo, tungeuza na hiyo mnunuzi angerudi na panga. Nikamtajia pia kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na stesheneri inayokusanya vitambulisho vya watu nayo inaguswa. Akaniambia kumbe sio benki tu. Sio benki tu.

Kuuza kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko yote. Akaja mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Tukuyu, mtu mzima, kavaa sweta mbili. Nilimfungulia ripoti ya betri ile ya amri ya powercfg, akaona betri imebaki kama nusu ya uwezo wake wa kiwandani. Nikamwambia na la Windows, prosesa yake ni Intel ya kizazi cha sita, Windows 11 rasmi inaanzia cha nane, na msaada wa Windows 10 mwisho wake ni tarehe 14 Oktoba 2025, kwaiyo ajue anachonunua. Dada alinikanyaga mguu chini ya meza. Mwalimu akawaza, akauliza Word inafungua? Inafungua. Projekta inaingia? Inaingia. Akaweka sikio kwenye feni, akanusa kibodi, kweli aliinusa. Akatoa laki tatu na thelathini, akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili maana Tukuyu mvua haina likizo.

Mwezi uliofuata nilipita Iyunga kutoa kopi. Nikamkuta kijana mmoja analalamika kaunta, dada si ulikuwa na cheti changu kwenye kompyuta, nilikuja mwaka juzi, nitolee tu nakala nina haraka. Dada akamwambia sina tena, nimefuta, nenda kalete orijino. Kijana akaguna, akapanda bajaji, akarudi baada ya nusu saa na bahasha ya kaki. Akamskania upya, akamtumia kwenye imeili yake, akafuta faili akimuonyesha kijana kioo, na ile jero hakuichukua.